Matope Si Ushahidi

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilikuwa mwalimu wa hisabati katika shule ya bweni ya wasichana, upande wa milima inayoutazama mji wa Machakos. Nilikuwa bado kijana, sijaolewa, naishi katika nyumba ya walimu yenye chumba kimoja na jiko la makaa nje ya mlango. Nasema haya mapema ili ijulikane kwamba sikuwa mtu mkubwa pale. Katika vikao vya walimu, zamu yangu ya kusema ilifika watu wakiwa wameshaanza kukusanya vitabu vyao.

Kompyuta ya kwanza niliyowahi kuishika niliachiwa na mwalimu wa kujitolea kutoka ng'ambo. Alifundisha fizikia kwa muda mfupi, malaria ikamwandama, akarudi kwao. Aliiacha kwenye stoo ya maabara pamoja na printa yenye kelele kama cherehani mbovu, na sanduku la disketi. Kwenye disketi mojawapo kulikuwa na lugha ya kuandikia programu ambayo, kwa maelezo yake, haikupenda kushughulika na namba moja moja.

"Unaipa safu nzima ya namba," aliniambia siku aliyokuwa akifunga mizigo. "Inazifanyia kazi zote kwa pamoja. Jaribu tu, utaona."

Nilijaribu. Jioni, masomo yakiisha, niliketi kwenye stuli ya maabara huku harufu ya gesi na vyura wa biolojia ikinizunguka, nikaandika moja mbili tatu, nikaweka alama ya kujumlisha, nikaandika kumi ishirini thelathini. Jibu likatoka lote kwa mpigo: kumi na moja, ishirini na mbili, thelathini na tatu. Sikuwa nimeiambia ianzie wapi wala iishie wapi. Kwa mtu aliyefundishwa kompyuta ubaoni, bila kompyuta, ilikuwa kama kuambiwa unaweza kuosha vyombo vyote vya harusi kwa kumwaga maji mara moja.

Nikaanza kujiuliza ni kitu gani kingine kinachoweza kuwekwa kwenye safu. Chuo kikuu tulikuwa tumesomeshwa mantiki ya kauli: kauli ni kweli au si kweli, na kauli mbili huunganishwa kwa "na", kwa "au", kwa "kama... basi". Nikaamua sifuri iwe uongo na moja iwe kweli. Kwa "na", nikaiambia kompyuta ichukue ndogo kati ya namba mbili. Ikawa sawasawa, kwa sababu kauli mbili zikiunganishwa kwa "na", uongo mmoja tu unaziangusha zote. Kwa "au", nikaiambia ichukue kubwa. Hiyo nayo ikakaa sawa. Nikafika kwenye "kama... basi", nikakwama.

Chuoni tulipewa jedwali lake na mhadhiri aliyeliandika ubaoni akiwa ametupa mgongo. Kweli ikileta kweli, sawa. Kweli ikileta uongo, hapana. Uongo ukileta chochote, sawa. Tulipouliza kwa nini, alijibu, "Ndivyo ilivyo. Karirini." Tukakariri. Nilifanya mtihani, nikapita, nikapewa joho na kofia, bila kujua kwa nini.

Sasa nilikuwa nikijaribu alama moja baada ya nyingine kwenye ile lugha, nikitafuta itakayonipa jedwali lile lile. Nikaweka "ndogo kuliko au sawa na". Likatoka. Sifuri si kubwa kuliko sifuri, sawa. Sifuri si kubwa kuliko moja, sawa. Moja ni kubwa kuliko sifuri, hapana. Kumbe "kama... basi" ilikuwa inasema tu kwamba ukweli usipungue njiani. Ukianza na kweli, usiishie kwenye uongo. Ukianza na uongo, hakuna ulichopoteza.

Nilifurahi mpaka nikasimama. Kisha nikakasirika. Nilitembea kati ya meza za maabara nikimsema yule mhadhiri kwa sauti. Kitu ambacho mtoto angeweza kukiona kwa macho yake, alitukaririsha kama dua, na sisi tukaona aibu kuuliza mara ya pili. Niliapa kwamba wanafunzi wangu hawatatendewa vile.

Ndivyo ilivyoanza klabu yetu ya Jumamosi alasiri. Wasichana waliotaka walikuja, wakabanana mbele ya skrini moja, wakapokezana kibodi. Miongoni mwao alikuwepo mmoja wa kidato cha tatu kutoka Masinga, ambako wazazi wake walilima karibu na bwawa na kufuga mbuzi. Alikuwa mrefu, mkavu wa maneno, na kila mara aliinua mkono kabla hujamaliza sentensi. "Mwalimu, niko na swali." Walimu wengine walikuwa wameshamchoka. Mimi nilimsubiri kwa hamu.

Jumamosi ya kwanza alipinga kabisa. "Mwalimu, hiyo ya uongo kuleta kweli, mimi sikubali. Uongo unaletaje kweli?"

"Tuseme nimekuahidi," nikamwambia. "Kama nikienda Tala sokoni, basi nitakuletea maembe. Halafu sikwenda Tala. Lakini nimekuletea maembe, nimeyanunua hapa mjini. Nimekudanganya?"

Akafikiri. Wenzake wakaanza kucheka, akawanyamazisha kwa mkono. "Hapana. Hujanidanganya."

"Na kama sikwenda Tala, na maembe sikuleta?"

"Pia hujanidanganya. Utanidanganya tu ukienda Tala na urudi mikono mitupu." Akageukia skrini. "Kwa hivyo nikiona maembe, siwezi sema ulienda Tala."

Nilimtazama. Sikuwa nimemfundisha hilo. Alikuwa amelifikia mwenyewe, kwa miguu yake. Tukaandika hoja ile kwenye mashine: kama akienda basi ataleta, ameleta, kwa hiyo alikwenda. Hoja nzuri ikiandikwa kule, jibu hutoka moja, moja, moja, moja, yaani inasimama katika hali zote nne, akienda au asiende, akileta au asilete. Ile ya maembe ilitoka moja, sifuri, moja, moja. Ile sifuri ndiyo ilikuwa hali ya mtu ambaye hakwenda Tala na maembe akayaleta. Wasichana wakaimba zile namba kama wimbo wa gwaride.

Mvua za Novemba zilipokuja, zilikuja na mgomo. Chakula cha shule kilikuwa muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, chakula ambacho Mkamba yeyote hukila kwa furaha kikiwa safi. Hakikuwa safi. Wadudu walikuwa wakielea juu ya mchuzi. Wasichana walilalamika kwa viranja, viranja wakalalamika kwa mwalimu wa zamu, na mwalimu wa zamu akaambiwa na naibu wa mkuu wa shule kwamba wadudu ni protini. Jioni moja wasichana wote wakakataa kula. Wakapiga sahani kwa vijiko mpaka ukumbi ukatetemeka. Giza lilipoingia na mvua ikaanza kunyesha, mtu au watu fulani walipita nyuma ya stoo ya chakula na kuvunja vioo vya madirisha kwa mawe.

Asubuhi yake naibu alipanga wanafunzi wote nje ya mabweni, viatu mkononi. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye suti ya kijivu na fimbo aliyoishika hata asipokuwa na wa kumchapa. Nyuma ya stoo palikuwa na tope jekundu. Akapita mstari kwa mstari akitazama soli. Waliokuwa na tope jekundu walitengwa. Hawakuwa wachache, lakini kufikia saa nne wengi walikuwa wamesharudishwa darasani, huyu ni kiranja, yule mama yake anajulikana, mwingine ni mgonjwa. Akabaki msichana wangu wa Masinga.

Aliulizwa jambo moja tu, kwa nini alivunja vioo. Alisema hakuvunja, alikimbia kuanua nguo zake kwenye kamba, na kamba za kuanikia ziko nyuma ya stoo, kila mtu anajua. Naibu akamwambia, "Wewe ni wa maswali mengi. Leo utajibu."

Nilikwenda kwa mkuu wa shule. Alikuwa mama mpole wa sura, na siku hiyo alikuwa anatafuta njia fupi ya kutoka kwenye tatizo lake. Bodi ya shule ilikuwa inakuja na ilitaka jina la mtu.

"Kamati ya nidhamu itakaa kesho," aliniambia. "Kama uko na la kusema, useme huko."

Usinicheke, lakini nilijiandaa kama mtu anayekwenda mahakamani. Nilikwenda kwenye kompyuta, nikaandika hoja ya naibu neno kwa neno. Kama alivunja vioo, basi viatu vyake vina matope. Viatu vyake vina matope. Kwa hiyo alivunja vioo. Moja, sifuri, moja, moja. Nikaichapa kwa ile printa, nikaandika kwa kalamu kando ya kila namba maana yake kwa Kiswahili, ili asiwepo wa kusema hakuelewa.

Kamati ilikaa katika ofisi ya mkuu. Alikuwepo yeye, naibu, mwakilishi wa bodi ambaye alikuwa mfanyabiashara mjini, na mwalimu wa dini. Nikawapa karatasi yangu ikazunguka. Mwakilishi wa bodi aliigeuza juu chini, akaitua mezani.

"Hii ni nini, madam?"

"Ni hoja ya naibu, mzee. Nimeijaribu katika hali zote zinazowezekana. Tazama mstari wa pili. Hapo msichana hakuvunja kitu na viatu vina matope. Hoja inaanguka hapo. Matope hayatoshi."

"Kompyuta ndiyo imesema?"

"Kompyuta imehesabu tu. Ukitaka tunaweza kuhesabu kwa vidole, ni hali nne."

Naibu akacheka kwa pua. "Madam anataka mashine ihukumu kesi ya shule."

"Hapana, mwalimu. Nataka sisi tuihukumu, lakini kwa haki. Mvua ilinyesha. Kila aliyeanua nguo alikanyaga tope lile. Hata wewe jana asubuhi ulipokuja kuangalia vioo ulipita pale. Viatu vyako vina matope mpaka sasa."

Wote wakatazama chini ya meza. Yalikuwepo, mekundu, yamekauka kwenye visigino. Naibu akavuta miguu nyuma ya kiti. Kwa muda mfupi nikaamini kwamba tumeshinda. Nilikuwa bado mdogo kiasi cha kuamini kwamba mtu akionyeshwa, ameona.

Naibu hakuona. Aliinama mbele, akazungumza taratibu, kama anayemsaidia mwanafunzi mzito.

"Madam, wewe ni msomi. Hebu tuambie. Katika hizo hali zako nne, kuna hali ambayo huyu msichana alivunja vioo na ana matope?"

"Ipo. Mstari wa nne."

"Kwa hiyo inawezekana alivunja?"

Ningejibu nini? Mantiki haisemi nani alivunja. Inasema tu kwamba hamjui. "Inawezekana," nikasema. "Na inawezekana hakuvunja. Ndiyo maana..."

"Mmesikia," naibu akawaambia wenzake. "Hata mtetezi wake amekubali."

Mwakilishi wa bodi akaguna kwa kuridhika. Mwalimu wa dini akaandika kitu. Nikapaza sauti, nikasema kwamba inawezekana pia kwamba mimi ndiye niliyevunja, na mkuu wa shule mwenyewe, na inawezekana si ushahidi. Mkuu akaniomba nitoke nje nipoze hasira. Nilitoka, na mlango ukafungwa nyuma yangu. Walipoufungua msichana alikuwa ameshafukuzwa.

Mpaka leo nikikumbuka sentensi ile, "hata mtetezi wake amekubali", damu inanichemka. Nilisema kweli, nayo wakaifanya kamba ya kumfungia mtoto. Kama ningekuwa mwongo, ningesema haiwezekani kabisa, nilikuwa naye, nilimwona. Wangeniamini. Watu wale walikuwa na nafasi ya uongo katika kikao chao, hata kiti waliuwekea. Ila mtu wa kusema "hatujui" hakuwekewa kiti.

Mama yake alifika siku ya pili akiwa na kyondo, kikapu chake cha kufumwa, begani na leso iliyolowa mvua. Alikuwa ametoka Masinga alfajiri. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi za ofisi, sanduku la binti yake kando. Msichana alisimama mbali kidogo, amefumbata mikono, hatazami mtu.

"Wewe ndiye mwalimu wa hesabu?" mama aliniuliza.

"Ndiye mimi, mama."

"Mwana wakwa, huyu binti yangu, amevunja hivyo vioo?"

"Sijui, mama. Yeye anasema hakuvunja, na mimi namwamini. Lakini hakuna aliyeona. Hata wao hawajui."

"Sasa kama hawajui, wanafukuza nani?"

Nikabeba upande mmoja wa sanduku, binti yake akabeba upande wa pili, tukashuka hadi barabarani. Tulipofika msichana akaniambia tu, "Mwalimu, asante kwa Jumamosi," kwa sauti ya mtu mzima, akageuka.

Wiki hiyo hiyo nilikwenda ofisi ya elimu mjini. Afisa aliyenipokea alikuwa na chai na andazi mezani. Alinisikiliza mpaka andazi likaisha. Kisha akaniambia, kwa upole mwingi, kwamba mambo ya shule humalizwa shuleni, kwamba mwalimu mpya asijijengee sifa ya kupingana na wakubwa, na kwamba wasichana wakipewa nafasi ya kubishana hawataolewa. Hilo la mwisho alilisema akicheka, akitegemea nami nicheke. Nilimwuliza kama hiyo nayo ni hoja au ni salamu. Akaangalia saa yake.

Niliporudi, stoo ya maabara ilikuwa tupu. Kompyuta ilikuwa imehamishiwa ofisi ya katibu wa mkuu, ikafunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa kwa sindano, na juu ya kitambaa kikawekwa chombo cha maua ya plastiki. Ilitumika kuchapa mitihani. Ile lugha ilifutwa ili kupata nafasi, na sanduku la disketi sikulipata tena. Naibu alinieleza uamuzi huo kwenye ukumbi wa chakula, mbele ya walimu wengine, akitafuna. "Madam, mashine ile ilikuwa inafundisha wasichana jeuri."

Nikamjibu kwamba mashine haifundishi jeuri, inafundisha kutazama mstari wa pili. Walimu wakainamia sahani zao. Muthokoi ya walimu haikuwa na wadudu.

Klabu niliiendeleza kwa ubao na chaki mpaka nilipohamishwa, mwaka uliofuata, hadi shule ya kutwa upande wa Yatta. Haikuwa sawa. Kwa chaki unaandika mstari mmoja mmoja, na katikati ya kuandika mtu anapiga kengele. Hata hivyo wasichana walikuja.

Miaka ikapita. Miaka ya elfu mbili ilikuwa imeanza, nami nimeshakuwa mama wa mtoto mmoja, nikasikia kwamba naibu anastaafu. Nilialikwa kwenye sherehe ya kumuaga kama walimu wote wa zamani. Nilikwenda, sijui kwa nini. Hema lilijaa, watu wakala pilau, wazungumzaji wakasimama mmoja baada ya mwingine kumsifu kwa nidhamu. Mmoja alisema kwamba mzee huyu alikuwa na jicho, akimtazama mwanafunzi anajua aliyekosa. Makofi yakapigwa. Sikupiga. Mwalimu aliyeketi kando yangu, ambaye tulikuwa pamoja enzi zile, alininong'oneza, "Wewe bado tu? Si yalipita?" Nikamwambia yalipita kwake. Nikachukua mkoba wangu nikaondoka kabla ya keki kukatwa.

Msichana mwenyewe nilikutana naye baadaye kule Syokimau, nje kidogo ya Nairobi, kwenye duka la vifaa vya ujenzi nilikokwenda kununua rangi. Alikuwa nyuma ya kaunta, mrefu vile vile, akibishana na fundi aliyedai amepewa simenti pungufu. Alinitambua kabla sijamtambua. Akafunga mazungumzo na fundi, akatoka nje, akanikumbatia mbele ya wateja.

Tulikula chakula cha mchana pamoja kwenye kibanda cha jirani. Akanisimulia. Shule nyingi zilimkataa kwa sababu ya barua ile ya kufukuzwa. Alikaa nyumbani akilima na mama yake, akichunga mbuzi, mpaka mwalimu mmoja wa shule ndogo ya kutwa akamkubali bila kuuliza. Alimaliza akiwa amechelewa, akiwa mkubwa kuliko darasa zima. Hisabati alipata alama ya juu. Chuo kikuu hakikumchukua kwa sababu ya masomo mengine yaliyomwangusha. Akaja huku, akaanza kwa kufagia duka, sasa ndiye msimamizi, na jioni anasoma stashahada mjini Nairobi.

"Unasoma nini?" nikamwuliza.

"Mambo ya kompyuta, mwalimu. Kuna somo la mantiki. Mhadhiri ametupa jedwali, ametuambia tukariri."

Nikaweka kijiko chini. Nikaanza kusema maneno makali juu ya wahadhiri, juu ya naibu, juu ya afisa wa andazi, juu ya ile kamati yote. Nilisema mpaka mhudumu akatugeukia. Yeye alinisubiri, akinitazama kwa upole ulioniudhi zaidi.

"Mwalimu," akasema nilipokata pumzi, "wewe ndiye ulibaki na hasira. Mimi ningebaki nayo singelima."

"Walikuibia miaka, mwanangu."

"Waliiba. Ni kweli." Akavuta sahani yake karibu. "Hawakuniuliza hata nguo nilizoanua zilikuwa gani. Zilikuwa mbili tu, na moja ilikuwa ya rafiki yangu. Ningewaonyesha, bado zilikuwa mbichi chini ya kitanda."

Sikuwa nimelijua hilo. Hakuna aliyekuwa amelijua, kwa sababu hakuna aliyeuliza, hata mimi na karatasi yangu. Tulimaliza kula. Akanirudisha dukani, akanichanganyia rangi niliyoitaka, akamwita mtu wa mkokoteni aipakie, na alipoona bado nimekunja uso akaniambia nisiwe na haraka, nikae, chai inakuja.